Joto la Dunia na Ukame wa Dodoma: Kesi Mbili Zinazosikilizwa Kama Moja

Mvua ikikata Februari na mahindi yakaanza kukunja majani kabla ya kubeba, Dodoma nzima hugeuka wataalamu wa hali ya hewa. Kwenye kijiwe cha kahawa utaambiwa wachoma mkaa wamemaliza miti. Mwingine atasema ni El Niño, ile hali ya Bahari ya Pasifiki kupata joto na kuvuruga mvua, hata kama mwaka huo El Niño haipo. Mzee atakumbusha kwamba Ugogo haukuanza leo kukosa mvua, na kwamba haya mambo ya tabianchi ni maneno ya semina. Kijana atatoa simu aonyeshe video: jua lenyewe limezidi ukali. Na hakosekani wa kufunga mjadala kwa kusema ni dhambi zetu.

Ubishi huu hauishi kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake. Dunia nzima inazidi kupata joto au la? Kama ndiyo, nani anaipasha? Na je, hilo ndilo lililokausha shamba huko Mpunguzi, hapa Dodoma, mwaka huu? Ushahidi wa maswali haya hauko mahali pamoja, na uhakika wa majibu yake haulingani. Mawili ya kwanza yamejibiwa kwa kiwango ambacho mimi sioni pa kubishia. La tatu ndilo gumu, nalo ndilo tunalolijibu upesi kuliko yote.

Marekani wanabishana kama joto lipo na kama binadamu anahusika. Huku kwetu ugonjwa ni mwingine: tunakubali haraka mno, kisha tunaibebesha tabianchi kila kitu, hadi mtaro uliozibwa na taka na mbegu zilizochelewa kufika. Au tunageuka tunajilaumu wenyewe, kana kwamba mtu mwenye panga na baiskeli ya mkaa ndiye aliyeipasha dunia.

Kipimajoto kinasema nini

Kwenye kituo cha hali ya hewa kuna kisanduku cheupe kilichoinuliwa juu ya miguu, karibu usawa wa kifua cha mtu mzima. Kuta zake ni vibao vilivyolazwa mshazari ili upepo upite lakini jua lisiingie. Ndani kuna vipimajoto. Saa tatu asubuhi mtu anakwenda kusoma na kuandika, na mvua iliyoingia kwenye kipimamvua tangu saa tatu ya jana inapimwa kwa milimita. Kesho yake anarudia. Ni kazi isiyo na mvuto wowote, na ndiyo msingi wa mjadala mzima. Kwa utaratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, wastani wa tabianchi ya mahali hukokotolewa kwa rekodi ya miaka 30. Ukiwa na miaka mitatu au minne mkononi, unazungumzia hali ya hewa tu.

Waliolipuuza hilo walilipia hapahapa kwetu. Mwaka 1947 Waingereza walifika Kongwa na matrekta kulima karanga, kwa kuwa nchi yao ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Takwimu za mvua walizokuwa nazo zilikuwa chache mno kwa mradi wa ukubwa ule. Ukame ukaja, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30.

Sasa chukua vituo kama hicho kwa maelfu, ongeza meli, maboya ya baharini na satelaiti. Wastani wa joto la dunia kwa miaka ya 2011 hadi 2020 ulikuwa takriban nyuzi 1.1 za Selsiasi juu ya ule wa 1850 hadi 1900. Mwaka 2024 ukavunja rekodi zote, ukawa wa kwanza kupita nyuzi 1.5 kwa mwaka mzima.

Hapa kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, kwa sababu mtu wa Dodoma anaweza kuliona kwa macho. Kituo cha uwanja wa ndege wa Dodoma kimezungukwa na mji. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016, lami, zege na mabati vimeongezeka kila upande, na zege likishaota jua mchana kutwa hutoa joto usiku. Je, si kwamba vipimajoto vinapima miji tu? Mwanafizikia wa Marekani, Richard Muller, aliuliza hilohilo. Alikuwa na mashaka na kazi ya wenzake, akaunda kikundi, akakusanya rekodi upya na kutenganisha vituo vya vijijini sana na vingine. Mwaka 2012 alitangaza kwamba joto linapanda kweli, kwa kiwango kilekile walichosema wale aliowatilia shaka, na kwamba chanzo ni binadamu. Isitoshe, zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada limeingia baharini, na baharini hakuna zege.

Nani anaipasha

Elimu ya jambo hili ni ya zamani kuliko mikutano yote ya tabianchi, na kuliko magari. Eunice Foote, Mmarekani, aliweka gesi mbalimbali kwenye mitungi ya kioo juani na 1856 akaripoti kwamba mtungi wenye hewa ukaa (kaboni dioksaidi) ulipata joto zaidi na ulichelewa kupoa. John Tyndall wa Uingereza alipima maabara 1859, akaonyesha kuwa hewa ukaa na mvuke wa maji vinazuia joto linalotoka ardhini. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akakokotoa kwa mkono dunia ingepanda joto kiasi gani hewa ukaa ikiongezeka maradufu. Hakuna kati yao aliyekuwa na wafadhili wa mazingira wala chama cha kukipigia debe.

Mkazi wa Dodoma anaijua fizikia hiyo mwilini. Usiku wa Julai, anga ikiwa nyeupe bila wingu, baridi inauma. Mawingu yakitanda, usiku huohuo unakuwa vuguvugu. Jua halipo katika hali zote mbili. Kinachotofautiana ni kilichoko angani kuzuia joto la ardhi lisitoroke.

Hapo mtu makini atadaka: kumbe mvuke wa maji ndio unaozuia zaidi, kwa nini mnaisakama hewa ukaa? Ni kweli, mvuke unazuia joto zaidi. Lakini mvuke haukai angani. Ndani ya siku kumi hivi umeshadondoka kama mvua au umande. Kiasi chake kinaamuliwa na joto lililopo: kila nyuzi moja ikiongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewa ukaa ndiyo inayobaki angani kwa mamia ya miaka na kuinua joto, kisha mvuke unafuata na kuliongeza. Ishike hiyo asilimia 7, tutaihitaji tukifika Makutupora.

Mwaka 1958 Charles Keeling alianza kupima hewa ukaa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Alikuta karibu sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo ni zaidi ya 420. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa kwenye barafu ya Antaktika yanaonyesha kuwa kwa miaka 800,000 kabla ya viwanda haikuwahi kupita 300.

Basi ongezeko limetoka wapi? Wengi hutaja volkano, na sisi tuliojaliwa Ol Doinyo Lengai tuna haki ya kuuliza. Volkano zote za dunia zikijumlishwa hazifikii hata moja ya mia ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu. Na kuna alama isiyofutika. Kaboni iliyo katika viumbe hai ina chembe kidogo za kaboni-14, ambazo huisha zenyewe baada ya makumi elfu ya miaka. Makaa ya mawe na mafuta yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, hivyo hayana kabisa. Miaka ya 1950 Hans Suess alikuta hewa ya dunia imeanza kuchujuka kaboni-14, kama ambavyo ingekuwa iwapo kitu cha kale sana kinachomwa na kumwagwa angani.

Na jua je? Satelaiti zimekuwa zikilipima tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Nguvu yake hupanda na kushuka katika mzunguko wa takriban miaka 11, lakini haijapanda kwa jumla katika miaka hiyo yote ambayo joto limepanda. Ila ushahidi ninaoupenda zaidi uko juu zaidi ya mawingu. Jua lingekuwa ndilo linalozidi, tabaka zote za anga zingepata joto, za juu na za chini. Vipimo vinaonyesha tabaka la chini linapata joto huku lile la juu, kuanzia kilomita kama 15 hivi kwenda juu, likipoa. Jua haliwezi kufanya hivyo. Hewa ukaa inaweza, na nadharia ilitabiri hivyo kabla vipimo havijakamilika.

Tundu la ozoni ni habari nyingine kabisa. Lilitokana na kemikali za majokofu na makopo ya kupuliza, na Itifaki ya Montreal ya 1987 ilizibana. Tusichanganye.

Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, lililoundwa 1988, lilikuwa na tahadhari mwanzoni. Ripoti yake ya kwanza ya 1990 ilisema joto lililoonekana lingeweza kuwa la kawaida tu. Ripoti ya 2021 ilisema haina shaka kwamba binadamu ameipasha dunia. Kati ya ripoti hizo mbili kulikuwa na kelele nyingi, nyingine zikilipiwa na wenye mafuta. Mwaka 2009 barua pepe za watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Uingereza ziliibwa na kusambazwa kama ushahidi wa njama. Uchunguzi zaidi ya mmoja ulifuata, ukawalaumu watafiti kwa uchoyo wa kutoa data, lakini haukukuta takwimu za kupika. Video nyingi zinazozunguka kwenye simu za Dodoma leo ni mabaki ya kelele hizo, zimetafsiriwa tu.

Mlima wetu ni shahidi mgumu

Barafu ya Kilimanjaro hupendwa sana kwenye mabango, na hapo nadhani tumejiponza. Ni kweli kwamba kati ya 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya eneo lenye barafu lilitoweka. Lakini barafu ilianza kurudi nyuma mapema, kabla hewa ukaa haijarundikana kama sasa, na kule kileleni joto huwa chini ya sifuri muda mwingi. Barafu hugeuka mvuke moja kwa moja kwa jua kali na hewa kavu, huku theluji mpya ikiwa haitoshi. Philip Mote na Georg Kaser waliandika 2007 kwamba mlima huu ni mfano mbaya wa joto la dunia. Lonnie Thompson, aliyetoboa barafu hiyo kuchukua sampuli, anaipa joto uzito zaidi. Wote hao hawabishani kama dunia inapata joto. Wanabishana kuhusu mlima mmoja. Mpinzani akishinda hoja ya Kilimanjaro hajashinda kesi, ila sisi tuliomweka mlima mbele kama shahidi mkuu ndio tuliompa nafasi.

Sasa turudi shambani

Wazee wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Njaa ya Mtunya, iliyopiga Ugogo kati ya 1918 na 1920, ilikuja wakati hewa ukaa ilikuwa bado kidogo. Mvua zilikosekana kweli. Lakini kabla yake Wajerumani, kisha Waingereza, walikuwa wamepita wakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Ukame uliwakuta watu maghala yakiwa matupu. Ukame ni jambo moja, njaa ni jambo la pili, na sababu zake zinaweza kuwa tofauti.

Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mgao wake haujawahi kutabirika. Upepo wa bahari humwaga mvua nyingi kwenye milima ya Ukaguru na Rubeho kabla ya kutufikia. Babu alilima uwele na mtama, mazao yanayovumilia wiki tatu za jua. Mjukuu analima mahindi, kwa sababu ugali wa sembe ni mtamu na uwele una ndege wa kufukuza. (Nami nakula sembe, simnyooshei mtu kidole.) Februari ikikauka kama Februari nyingi zilivyokauka, uwele wa babu ungepita, mahindi ya mjukuu hayapiti. Ukilinganisha magunia ya vizazi hivyo viwili bila kutaja zao, utaona mabadiliko ya tabianchi hata pale ambapo mvua haijabadilika.

Kuhusu miti, kijiwe kinachanganya mambo mawili. Kukata miti kunaharibu Dodoma kweli: kivuli kinakwisha, udongo unabebwa, maji yanakimbia badala ya kuzama. Kondoa ni darasa la hilo. Makorongo yake yalikuwa mabaya kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na 1979 ikaondoa mifugo yote kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko. Majani na miti vikarudi, kwa mvua ileile. Wafugaji waliohamishwa walilipa gharama ya uponaji huo, na hilo halisemwi vya kutosha, lakini kisayansi jambo liko wazi: sehemu kubwa ya uharibifu ule ilitoka kwenye matumizi ya ardhi.

Kuipasha dunia ni hesabu nyingine. Kukata misitu duniani kote huchangia karibu moja ya kumi ya hewa ukaa ya binadamu. Iliyobaki inatoka kwenye makaa ya mawe, mafuta, gesi na saruji. Mtanzania wa wastani hutoa chini ya nusu tani kwa mwaka kutokana na nishati hizo. Mmarekani hutoa zaidi ya tani 13. Hivyo mchoma mkaa wa Chamwino ana kesi ya kujibu kwa jirani yake aliye bondeni. Kwenye kesi ya joto la dunia jina lake liko mwishoni kabisa mwa orodha.

Je, basi joto la dunia halijaigusa Dodoma? Limeigusa, ila si kwa njia inayotajwa sana. Watu wanaangalia mvua, wakati kiungo kilicho imara zaidi ni joto lenyewe. Hewa yenye joto zaidi hunyonya unyevu haraka. Shamba lililopata milimita zilezile za zamani linakauka siku kadhaa mapema, na lambo linapungua zaidi kabla ya kufika Oktoba. Mvua haihitaji kupungua ili mmea uone kiu.

Kuhusu mvua yenyewe, wanasayansi hawajakubaliana. Modeli za kompyuta hazisemi kwa sauti moja kama Tanzania ya kati itapata mvua nyingi au chache kwa jumla ya mwaka. Zinachokubaliana ni kwamba mvua kubwa zitazidi kuwa kubwa, na hapo ndipo ile asilimia 7 inaingia.

Kaskazini mwa mji kuna bonde la Makutupora, linalonywesha Dodoma kwa visima. Kina cha maji chini ya ardhi pale kimekuwa kikiandikwa tangu miaka ya 1950, moja ya rekodi ndefu zaidi za aina yake katika nchi za tropiki zenye ukame. Watafiti wa Tanzania na Uingereza waliichambua na kuchapisha 2013. Mchoro wake unashangaza. Maji yanashuka mwaka baada ya mwaka, taratibu, hata katika misimu ambayo mkulima angesema ilikuwa mizuri. Kisha unakuja msimu mmoja wa gharika na maji yanaruka juu kwa mkupuo. Mkubwa kuliko yote ulikuwa wa 1997/98, El Niño iliposhirikiana na joto la Bahari ya Hindi upande wetu. Mvua za kawaida hunyweshea mimea na kupaa tena kama mvuke. Ni zile zilizopitiliza tu zinazofika chini kwenye mwamba.

Kwa hiyo dunia yenye joto inaweza kuijaza Makutupora huku ikiua mahindi ya Hombolo, msimu mmoja, wilaya moja. Mvua hizohizo hufurisha mto Kinyasungwe na kuing'oa reli kati ya Gulwe na Kilosa, kama ilivyotokea vibaya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Hata pale, wahandisi watakuambia nusu ya tatizo ni mchanga unaoteremka kutoka vilima vilivyokwanguliwa na kujaza mto. Mvua kubwa ni ya dunia, mchanga ni wetu. Na bwawa la Mtera likishuka, kabla ya kutaja tabianchi inabidi kuuliza maji ya Ruaha Mkuu yamechepushwa kiasi gani kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu. Mto ule ulianza kukauka kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sehemu kubwa ya jibu ilikutwa kule juu, kwenye mifereji.

Upembuzi huu una bei ya shilingi. Mwaka 2022 kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa huko Sharm el-Sheikh, Misri, nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko wa kufidia hasara na uharibifu unaotokana na mabadiliko ya tabianchi, na 2023 huko Dubai ukazinduliwa. Tanzania ina kila haki ya kuupigia hodi. Haikuchangia tatizo hili kwa kiasi kinachofanana na madhara inayopata. Lakini mlangoni kuna watu wenye makabrasha na maswali. Atakayekwenda na rekodi ya mvua ya siku moja baada ya nyingine, inayoonyesha kishindo kilichozidi vyote vya miaka 30, pamoja na daraja lililojengwa kwa vipimo vya zamani, ana hoja. Atakayesimama pale na kusema makorongo ya Kondoa ni kazi ya tabianchi ataulizwa ilikuwaje majani yakarudi baada ya ng'ombe kuondolewa 1979.